Siku sita kusini: mawe haya ni ya nani?

Siku ya kwanza, Jumatatu. Dar es Salaam

Safari hii ina sababu. Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita kwenye eneo moja la kihistoria ambalo sitalitaja. Mtembezaji alikuwa na haraka. Alitupitisha kwenye kuta akitaja karne na majina ya masultani kama anayeita mahudhurio, watoto wakamfuata kimya hadi mwisho. Tuliporudi shuleni nikawaambia waandike walichokiona. Binti mmoja, katika wale ninaowategemea kwa insha, aliandika sentensi moja tu: "Tuliona mawe ya Waarabu."

Sikumsahihisha kwa kalamu nyekundu. Kosa halikuwa lake. Alisimama saa nzima mbele ya kazi ya mikono ya watu wa pwani hii, na hakuna aliyemwambia jambo la kumfanya aione kuwa inamhusu. Likizo hii ya Juni nimeamua kwenda kusini peke yangu kwanza, nikasikilize jinsi wanaotunza malikale wanavyozungumza na watu, na jinsi watu wanavyowajibu. Watoto nitawapeleka baadaye, nikishajua pa kuwasimamisha.

Nimeanzia hapahapa mjini, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Leo panaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Nilikuta kundi la watoto wa shule ya msingi wamezunguka nakala ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Nilikaa nyuma nikitegemea kusikia hizo tarehe na tarakimu. Sikuzisikia, si mwanzoni. Dada aliyekuwa akiwaongoza aliwaambia, "Kila mtu apitishe ulimi kwenye magego yake. Taratibu. Umehesabu mangapi? Makubwa kiasi gani?" Ukumbi mzima ukanyamaza, mashavu yanatuna upande huu na upande ule. "Haya, sasa tazameni magego ya huyu." Watoto wakashusha pumzi kwa pamoja, maana magego ya yule ni mapana ajabu. "Alikuwa anatafuna nini?" Mikono ikapanda kama msitu. Mihogo mikavu! Mizizi! Mbegu ngumu! Miaka milioni aliitaja baadaye, walipokuwa wameshaanza kuiulizia wenyewe.

Niliandika kwenye daftari langu: ulimi kwanza, tarehe baadaye.

Mchana nilipita Makumbusho ya Kijiji, Kijitonyama, yaliyofunguliwa mwaka 1966, yenye nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Sikukaa sana, ila mahali pale pana kumbukumbu yangu. Tangu miaka ya 1990 huwa panafanyika siku za utamaduni: jamii moja inakuja na wazee wake, wapishi wake na ngoma zake, na wao ndio wanaoamua nini kionyeshwe. Niliwahi kuhudhuria moja nikiwa bado kijana wa chuo. Bibi wawili walibishana mbele yetu kuhusu upande gani wa paa unaanza kuezekwa, na mhifadhi alikuwa amekaa chini kwenye jamvi, kimya, anaandika. Siku ile walimu walikuwa wale bibi.

Siku ya pili, Jumanne. Njiani

Basi limeondoka Mbagala alfajiri. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Mto ni mpana na wa kahawia, na abiria wote hugeuka dirishani hata kama wamepita hapo mara mia.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa Umatumbi, anarudi kwao Kipatimu kutoka hospitali. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, akataka kujua mwalimu anafuata nini Kilwa wakati wa likizo. Nilipotaja historia alinyamaza kidogo, halafu akanyoosha kidole dirishani. Tulikuwa tunakaribia Muhoro. "Hapo ndipo walipomnyonga Kinjikitile," akasema. Kinjikitile ndiye mganga aliyegawa ile dawa ya maji, na Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, wiki chache tu baada ya pamba kung'olewa Umatumbi na vita vya Majimaji kuanza.

Nikamwuliza nani alimsimulia. Jibu lake nimelibeba safari nzima.

"Babu yangu aliiona ile vita akiwa kijana, lakini alikuwa hazungumzi. Ukimwuliza, anakufukuza. Mwaka 1968 wakaja vijana wa chuo kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchota maji. Walimwamkia vizuri, wakakaa chini kwenye mkeka, wakauliza kwa adabu. Babu akaongea toka asubuhi hadi jioni. Sisi wajukuu zake tulikuwa tumejibanza nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza kusikia, mwalimu. Mara ya kwanza!"

Huo mwaka 1968 naujua kutoka kwenye vitabu. Chuo Kikuu kilikuwa bado kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na wanafunzi wa historia walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Siku zote niliufikiria ule mradi kama karatasi zilizotoka kijijini kwenda maktaba. Sikuwahi kuwaza kwamba wakati wazee wanawajibu wageni, nyuma ya nyumba palikuwa na watoto wamejibanza wanasikiliza, na kwamba swali la mgeni ndilo lililofungua mdomo uliofungwa kwa miaka sitini.

Mzee akashuka Nangurukuru. Mimi nikaendelea hadi Kilwa Masoko.

Siku ya tatu, Jumatano. Kilwa Kisiwani

Kusi linavuma. Mkondo kati ya Masoko na Kisiwani si mpana, kama kilomita mbili hivi, lakini mashua ilikuwa inainama na maji yanarukia ndani. Mtembezaji wangu, kijana wa Kisiwani, mtoto wa mvuvi, alikaa ukingoni bila kushika kitu, kama yuko kwenye kochi la nyumbani.

Kinachoonekana kwanza ni Gereza, ile ngome ya ufukweni. Nilidhani ataanzia hapo: Wareno, 1505, mizinga. Akatupitisha mbele ya Gereza, tukakaa chini ya mbuyu.

"Mwalimu, hapa kuna wasimuliaji watatu," akasema. "Kuna bibi yangu, kuna kitabu, na kuna udongo. Nitakupa wote watatu, wewe utapima."

Bibi anasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Alikuja mgeni kutoka Shirazi kwa jahazi, akamkuta mwenyeji, wakapatana: nguo itandazwe kukizunguka kisiwa chote. Ikatandazwa, mwenyeji akaichukua, akavuka kwa miguu kwenda bara, maana zamani maji yakipwa watu walikuwa wanapita. Alipotaka kurudi akakuta mkondo umekuwa wa kina. Kitabu, yaani historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, kinasimulia habari karibu hiyohiyo, na kinamtaja mnunuzi: Ali bin al-Hasan.

"Na udongo?" nikauliza.

Akachukua kijiti, akachora mistari mchangani, mmoja juu ya mwingine, kama anakata keki. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa miaka ya 1960. Chini ya kuta za mawe alikuta tabaka za zamani zaidi, tangu karne ya 9 hivi: nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, mabaki ya uhunzi, miiba ya samaki. "Kwa hiyo jahazi lilipofika," kijana akasema, akigonga mstari wa chini kabisa, "lilipokewa. Huyu wa chini ndiye aliyekuwa anauza kisiwa."

Chittick mwenyewe, kama wasomi wengi wa wakati wake, aliitazama miji hii zaidi kama kazi ya wageni waliovuka bahari. Waliomfuata walisoma vyungu vilevile na kuona mwendelezo: finyango za watu wa pwani zinatembea kutoka tabaka la udongo hadi tabaka la mawe bila kukatika. Kisha mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Upande wa kina mama, asili yao karibu yote ni Afrika. Upande wa kina baba kuna damu nyingi ya Asia, hasa Uajemi, iliyoanza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Nilimwuliza kijana kama habari hizi zimefika kijijini. Alicheka kwa furaha. "Bibi aliposikia alisema, sasa mmeniamini?"

Nilikaa pale chini ya mbuyu nikimfikiria mwanafunzi wangu na sentensi yake. Angewapata wasimuliaji hawa watatu, angeandika ukurasa mzima.

Msikiti Mkuu nilikuwa nimeuona kwenye picha, na picha haikunitayarisha. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11, ndogo. Ile ya kusini iliongezwa karne ya 14, na ukisimama ndani unaona matao yanafuatana na kuba juu yake, mwanga unaingia kwa vipande. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji huu kuwa miongoni mwa mizuri. Enzi hizo dhahabu ya Sofala ilikuwa inapitia hapa.

Lakini nilichokaa nacho kwa muda mrefu zaidi ni chokaa.

Nyuma kidogo ya magofu tulimkuta fundi, mtu mzima, na mama mmoja aliyekuwa anachekecha mchanga. Wote ni wakazi wa kisiwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa inakula kuta na mizizi inazipasua, na yakatolewa huko mwaka 2014. Kati ya miaka hiyo, wanakijiji walifundishwa uashi wa kale, wakaunda kamati zao za magofu, wakapanda mikoko ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Fundi huyu alikuwa mmoja wa waliofundishwa.

Akanionyesha. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, moto unawashwa kutoka katikati, unawaka usiku kucha. Asubuhi kunabaki mlima mweupe. Unamwagiwa maji, unatoa mvuke na kulia kama mafuta ya kukaangia, kisha unafukiwa na kuachwa ukomae kwa wiki nyingi. Alichota kidogo kutoka shimoni akanipaka kiganjani. Laini, baridi, nzito, kama uji wa mtoto uliopoa. Nikamwuliza kwa nini wasitumie saruji, ni rahisi na inapatikana dukani.

"Saruji inabana, mwalimu. Chokaa inapumua. Ukuta huu unakunywa maji ya mvua na chumvi ya bahari kila mwaka. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanakaa ndani. Siku moja jiwe linapasuka lenyewe."

Yule mama akadakia bila kuacha chekeche: "Na sisi ndio tunaoujua mchanga. Huu wa ufukweni una chumvi, hautumiki. Tunafuata wa ndani."

Pale nikaelewa jambo ambalo sikulipata darasani. Kuwafundisha watu wa kisiwa kuchoma chokaa kulimaanisha kuirudisha kazi kwa wenyewe. Nyumba za mawe kwenye pwani hii zimejengwa kwa chokaa ya tanuri kwa karne nyingi. Fundi akipaka mkono wake kwenye ufa wa msikiti, anaendeleza kazi ya mtu aliyekuwa amesimama palepale karne ya 14, kwa chokaa ileile. Hakuna ubao wa maelezo utakaosema jambo hilo kama kiganja chenye chokaa kinavyolisema. Wanafunzi wangu nitawasimamisha hapa.

Husuni Kubwa tulifika jua limepinda. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali, na birika la pembe nane ambalo sasa limejaa majani makavu. Kijana hakusema kitu kwa muda. Upepo, bahari chini, ndege. Halafu: "Hapa huwa sisemi. Wageni wenyewe wanaanza."

Siku ya nne, Alhamisi. Songo Mnara

Safari ya Songo Mnara inaamuliwa na maji. Tuliondoka mapema tukiwahi maji kujaa, maana yakipwa mashua haifiki. Hata hivyo tulishuka mbali na nchi kavu tukatembea kwenye maji ya magotini, viatu mkononi, tukipenya kwenye mikoko hadi tukatokea kwenye mji.

Nasema mji kwa makusudi. Kilwa Kisiwani majengo yako mbalimbali na nyumba za watu ziko katikati yake. Songo Mnara unaingia mlangoni mwa mtu. Nyumba za mawe zipatazo 33, misikiti mitano, jumba la kifalme, makaburi, na ukuta wa mji. Watu waliishi hapa karne ya 14 hadi ya 16. Kuna vizingiti, kuna mabaraza ya kukalia nje, kuna vishubaka ukutani. Nilikaa kwenye baraza la nyumba moja, na mgongo wangu ukaegemea palepale ulipotakiwa kuegemea.

Tangu mwaka 2009, wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliongoza uchimbaji hapa, na kazi yao ninaipenda kwa sababu hawakukimbilia jumba la kifalme. Walisoma sakafu. Walipima kemia ya udongo ndani ya vyumba wajue wapi palikuwa jikoni na wapi pa kulala. Walitafuta kwenye uwanja, mahali ambapo jicho linaona nyasi tu, nyumba za udongo za watu wasiokuwa na mawe. Na walipata hazina moja ya sarafu za shaba za Kilwa, zaidi ya 300, zimewekwa pamoja. Sarafu zenyewe ni ndogo, nyembamba, na maandishi yake yana vina: upande mmoja unamalizika kwa sauti ileile ya upande wa pili. Ushairi kwenye fedha. Nikiwaambia hili watoto wangu wanaokariri tenzi, najua watafungua macho.

Kijijini, mwendo mfupi kutoka magofuni, nilikaribishwa na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi na wachimbaji. Nilimwuliza alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa kwenye chekeche. Wao wanachimba kwa mwiko, taratibu, kama wanampaka mtoto mafuta. Udongo unakuja kwetu kwa ndoo, tunachekecha. Mwanzo sikuona kitu. Mawe, mawe, mawe. Halafu siku moja nikaiona." Akanionyesha ncha ya ukucha wa kidole cha mwisho. "Ushanga. Mdogo hivi, kama punje ya ulezi. Mwekundu. Nikaita, wakaja wote, wakafurahi kama nimepata dhahabu. Tangu siku hiyo haunipiti."

Akaniambia pia kuhusu vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Wachimbaji walivijua: vya kusokotea uzi wa pamba. Kilwa ilikuwa na nguo zake. "Mama yangu alikuwa akiniambia kulikuwa na pamba hapa," akasema. "Nilidhani hadithi."

Tulirudi magofuni pamoja. Njiani nikaona kigae kimechomoza mchangani, kijani kibichi chenye mng'ao, cha kutoka ng'ambo bila shaka. Nikainama nikakiokota kabla sijafikiri. Mkono wangu ulishakwenda mfukoni kumwelekea yule binti wa "mawe ya Waarabu", kwamba nitamletea.

"Mwalimu, rudisha," mama akasema kwa upole. "Palepale. Kikihama hapo hakina kwao tena."

Niliona aibu, na nikakirudisha. Najua Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na ningeweza kuwasomea wanafunzi vifungu vyake. Lakini sheria haikunizuia kuinama. Sauti ya yule mama ndiyo iliyonizuia. Kigae kikiwa mchangani kinaeleza nani alikuwa jirani yake, kiko tabaka lipi, kiliangukia chumba gani. Kikiwa mfukoni mwangu ni kipande cha sahani. Alilijua hilo kutokana na misimu ya kukaa kwenye chekeche, na ninavyoona mimi, mlinzi mmoja wa namna hiyo anatosha pwani nzima ya kisiwa.

Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye kaburi moja lenye vijiwe vyeupe juu yake. Aliomba dua kwa sauti ya chini. Nikaitikia amina. Hapo si makumbusho, na hakuna aliyejifanya kwamba ni makumbusho.

Siku ya tano, Ijumaa. Kilwa Kivinje

Kivinje ni habari nyingine na nzito. Karne ya 19 misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, pembe za ndovu na watu waliotekwa. Baadaye Wajerumani wakaweka boma lao, na wakati wa Majimaji wapiganaji walinyongwa hapa kwenye mwembe. Mnara wa kumbukumbu upo. Nyumba za ghorofa za zamani nazo zipo, nyingine zimebaki ukuta wa mbele tu, na milango mingine ya nakshi ingali mahali pake.

Baada ya sala ya Ijumaa nilikaa barazani na wazee. Nilitaka kujua wanawasimuliaje vijana habari za utumwa. Ukimya ulikuwa mrefu. Mmoja akasema, "Mtaa huu huu, mwalimu, kuna mjukuu wa aliyeuza na mjukuu wa aliyeuzwa. Wameoana. Tukisimulia tunasimulia kwa uangalifu." Mwingine akasema hapana, isimuliwe yote, watoto wasije wakadhani ilitokea nchi nyingine. Waliendelea kubishana kwa heshima hadi alasiri, na mimi sikutia neno. Niliona tu kwamba vijana watatu waliokuwa wanatengeneza pikipiki ng'ambo ya barabara walikuwa wameacha spana chini.

Siku ya sita, Jumamosi. Lindi

Basi la asubuhi, mchana niko Lindi kwa mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuo. Tendaguru, kilima cha mifupa ya dinosaria, iko kaskazini-magharibi ya hapa, kama kilomita 60, na sikuwa na siku za kutosha kufika kilimani. Nilikuja kwa ajili ya upande huu wa habari, upande wa bandari.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, urefu wake juu ya mita 13, na huhesabiwa kuwa mifupa mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Majina ya wakuu wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig, yako kwenye kila kitabu kinachohusika. Lakini waliochimba ni mamia ya watu wa huku. Msimamizi wao mkuu, aliyejua kuutoa mfupa kwenye jiwe bila kuuvunja na ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea, aliitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi ufukwe huu wa Lindi. Hapakuwa na gari. Mnyama mzima wa Berlin alipita juu ya vichwa vya watu.

Jioni watoto wa jirani walijaa kwenye baraza la mwenyeji wangu, kama kumi na wawili hivi. Nikaona nijaribu. Sikutaja mwaka. Niliwaambia wasimame, wanyooshe mkono juu kabisa. Halafu nikawaambia mfupa mmoja wa mguu wa mbele wa yule mnyama unamzidi mtu mzima kwa urefu. Wakautazama ukuta wa nyumba, wakaupima kwa macho. "Sasa," nikasema, "mfupa huo ulitoka porini hadi hapo baharini. Ulifikaje?"

Lori. Treni. Punda. Ng'ombe. Nikakataa kote. Kimya.

Mtoto mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, akauliza, "Waliubeba watu?"

"Waliubeba watu."

"Watu gani?"

Nilitaja jina la Boheti bin Amrani, nikawaambia hilo moja ninalijua, na waliobeba walikuwa wengi sana. Kijana mkubwa kidogo akasema kwao kuna habari ya babu wa babu aliyekuwa mpagazi wa Wajerumani, lakini hajui alibeba nini. Mwenzake akasema hata kwao. Yule mdogo hakuwa na la kusema, akainuka akavaa ndala zake. Nikamwuliza anakwenda wapi, giza limeshaingia.

"Kumwuliza bibi kabla hajalala."

Basi langu la Dar linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo sitakuwepo atakaporudi na jibu. Nimemwachia mwenyeji wangu daftari jipya, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika swali lile la mtoto kama alivyoliuliza: "Watu gani?"